Fare za kujificha zikigoma: ufufue mota, ununue nyingine, au uzifunge zikiwa juu?

Gari lenye fare, yaani taa kubwa za mbele, za kulala ndani ya boneti halikosi siku ya kukuaibisha: unawasha taa, fare moja inainuka na nyingine inabaki imelala. Ukilipeleka garaji yoyote ya mitaa ya Kenya au Kamalondo hapa Lubumbashi, jibu la kwanza ni lilelile: «Papa, hii mota imekufa, leta ingine.» Mara nyingi haijafa. Kwa hiyo, kabla sijaziweka njia tatu ubavu kwa ubavu, nitakaa kidogo kwenye swali la nini hasa kimeharibika. Uamuzi mzuri unatoka hapo, hautoki kwenye bei.

Nazungumzia zaidi magari ya Kijapani yaliyoshuka bandari ya Dar es Salaam yakaingia kwetu kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia: Toyota Celica za 1985 hadi 1993, Toyota MR2, Honda Prelude za miaka ya 1980, Nissan 300ZX ya miaka hiyohiyo, na Mazda MX-5 ya kwanza, ile ya 1989 hadi 1997. Yote hayo huinua fare kwa umeme. Magari ya Kimarekani yanayoinua fare kwa uvutano wa hewa ya injini yana matatizo yao, nayo nitayagusa mbele.

Mtindo huu ulianza na Cord 810 ya mwaka 1936, ambayo dereva alizungusha mpini kwenye dashibodi ili fare zitoke kwenye madigadi ya mbele. Ukaishia 2004, mwaka ambao Chevrolet Corvette ya kizazi cha tano na Lotus Esprit ziliacha kutengenezwa. Tangu hapo hakuna gari la viwanda vikubwa lililotoka na fare za namna hii, na karibu kila mota utakayouziwa kwa gari la Kijapani la miaka ya 1980 ina umri sawa na gari lako. Likumbuke hilo muuzaji atakapokuambia «ni mupya kabisa».

Mota inavyofanya kazi

Kwenye magari mengi ya Kijapani kila fare ina mota yake. Mota inazungusha gia ya msokoto, gia inazungusha mkono mfupi, na mkono unasukuma fito inayoinua kikapu cha fare. Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui ni kwamba mota hiyo huzunguka upande mmoja tu. Nusu mzunguko fare inapanda, nusu mzunguko unaofuata inashuka. Anayeiambia isimame ni kisahani cha shaba chenye vidole vya kontakti, ndani ya mfuniko wa gia.

Mota ya waipa nayo imejengwa hivyohivyo: gia ya msokoto, na kontakti inayorudisha waipa mahali pake ukizima swichi. Basi fundi anayeweza kufungua na kusafisha mota ya waipa anaweza kutengeneza mota ya fare, hata kama hajawahi kuiona. Hapa mjini mafundi wa namna hiyo hawakosekani. Wanaopendekeza kuweka mota ya kioo cha mlango badala yake, wakatalie. Haina kontakti ya kusimamia, itasukuma hadi igonge chuma, na kitakachovunjika kwanza ni fito yako.

Dalili kabla ya pesa

Anza na usalama. Toa fizibo (fyuzi) ya mota za fare na uchomoe waya hasi wa batri kabla ya kuingiza vidole. Mota iliyogoma inaweza kuamka yenyewe kontakti ikitikiswa, na ile fito ina nguvu ya kuponda kidole.

Fare zote mbili zikigoma kwa pamoja, usiguse mota. Mota mbili hazifi siku moja. Tafuta fizibo, rele au swichi. Ikigoma moja tu, shuku plagi yake, ethi yake (waya wake hasi unaofungwa kwenye bodi), kisha mota yenyewe. Ikipanda polepole kama imechoka, umeme haufiki vizuri au grisi imeganda. Ikipanda na kushuka bila kusimama, kontakti za kile kisahani zimechafuka, au rele imenata. Ukisikia mota inavuma lakini fare haisogei, gia imekula meno au nati ya mkono imelegea kwenye shafti yake. Hiyo ya mwisho ni kazi ya spana moja, na nimeona watu wakinunua mota nzima kwa ajili yake.

Juu au chini ya mota, chini ya kifuniko cha mpira, kuna kitufe cha kuzungushia kwa mkono. Kizungushe hadi fare ipande yote. Kikiwa kizito mwanzo hadi mwisho, shida iko kwenye maungio ya fito wala si kwenye mota. Kikizunguka laini bila fare kusogea, ni gia. Kikiwa kizito mahali pamoja tu, angalia kikapu: huenda boneti au bampa ilipigwa zamani na tolie, fundi wa bodi, aliinyoosha bila kurudisha vipimo.

Halafu mita. Injini ikizunguka, batri inapaswa kusoma karibu volti 14. Pima kwenye plagi ya mota wakati mota inajaribu kufanya kazi, si ikiwa imepumzika, kwa sababu waya mbovu usiobeba mzigo husoma vizuri tu. Ukikuta 11 au 12, volti zako zinapotea njiani. Kisha pima kati ya ethi ya mota na nguzo hasi ya batri, mota ikiwa bado inasukuma. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu: safisha mahali ilipofungwa hadi chuma king'ae, au vuta waya mpya wa 2.5 mm² moja kwa moja hadi batri. Kwa gari la miaka thelathini, hiyo peke yake huponya fare nyingi.

Na uangalie waya zinazokwenda kwenye balbu. Zinakunjwa kila fare inapopanda na kushuka, na baada ya miaka shaba hukatika ndani ya ngozi ya plastiki huku nje pakionekana pazima. Fare inapanda vizuri, haiwaki, na lawama zinaiangukia mota.

Kufufua mota uliyo nayo

Hii ndiyo njia ninayoipendelea, na hapa Lubumbashi ina faida ambayo miji mingi haina. Mji wa migodi una mabobineri wanaosuka upya mota za pampu na za mashine kila siku, una wakereza vyuma, na shaba si kitu cha kutafuta. Mota ndogo ya volti 12 kwao ni kazi ya pembeni.

Kabla ya kutoa mkono wa gia, piga alama ya rangi kwenye mkono na kwenye shafti yake. Ukiurudisha umegeuka kidogo, fare itasimama nusu njia na utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Fungua mfuniko, futa grisi yote ya zamani, kwangua kisahani cha shaba kwa msasa mwembamba, inua vidole vya kontakti viguse kwa nguvu kidogo. Angalia makaa ya mota, yale yanayopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Yakiwa mafupi, makaa ya mashine ya kutobolea hupigwa tupa hadi yaingie. Grisi mpya iwe ya lithiamu na iwe kiasi. Wengi hujaza ile nzito ya beringi, na mwezi wa sita baridi ya alfajiri ikifika, mota inasukuma kama imo ndani ya gundi.

Bushi za maungio zikiwa zimekula, mkereza atakutengenezea za shaba nyeusi. Gia yenyewe ni habari nyingine. Meno ya gia ya msokoto hayakatwi kwenye kerezo la kawaida, yanahitaji mashine ya kukatia meno, na fundi anayekuahidi kuyachonga kwa tupa anakupotezea muda. Wenye Corvette za 1997 hadi 2004 wana bahati hapo: gia zao za plastiki zinajulikana kwa kukatika meno, na za shaba za kubadilishia zinauzwa tayari.

Udhaifu wa njia hii ni muda. Gari linalala, fundi ana kazi nyingine, na bobineri anasubiri mteja mwenye pampu kubwa amlipe kwanza. Pia ukifufua upande mmoja ukaacha mwingine, ule mwingine utakufuata baada ya miezi michache, kwa sababu uliishi maisha yaleyale. Fanya yote mawili kwa safari moja.

Kuna jambo mafundi hawaligusi kabisa: maji. Chini ya kila shimo la fare kuna kitundu cha kutolea maji. Mijakaranda ya mjini humwaga maua kabla tu ya mvua kuanza, maua yanaingia kwenye shimo, yanaoza na kuziba kitundu, kisha mvua za mwezi wa kumi na moja zinajaza. Mota inakaa majini usiku kucha. Unaweza kuisuka upya kwa waya bora kuliko wa kiwandani, kama kitundu kimeziba utairudisha kwa bobineri kabla ya mwezi wa nne. Na ukiziba mfuniko kwa silikoni, usizibe tundu lake la kupumulia.

Kununua nyingine

Mota ya kununua inashinda katika hali tatu: gamba limepasuka, gia imekula meno, au gari liligongwa na kikapu kimepinda. Nje ya hapo unalipa ili upate ugonjwa wa mtu mwingine. Ile mota ya Japani au ya Afrika Kusini ina grisi ya umri uleule na kontakti za umri uleule, na huenda ilikaa miaka juu ya rafu bila kuzunguka.

Ukiamua kununua, nunua kitengo kizima: mota, mkono, fito na kikapu. Bei inapanda, usafirishaji unapanda, lakini maungio yamekwisha kukaa pamoja na hutapigana na vipimo. Upande wa kulia na wa kushoto mara nyingi havibadilishani. Celica ya 1988 na ya 1990 ni vizazi viwili tofauti hata kama muuzaji anaziita zote Celica. Omba picha ya namba iliyopigwa kwenye gamba na picha ya plagi ikionyesha matundu yake, uyahesabu mwenyewe. Omba pia video: mota iunganishwe na batri, ipande, isimame, ishuke, isimame. Mota inayozunguka tu bila kusimama haijakuonyesha kitu, maana kusimama ndiko kunakoharibika.

MX-5 ndiyo rahisi zaidi kuipatia vipuri, kwa sababu ziliuzwa nyingi sana duniani na wapenzi wake ni wengi. MR2 na Prelude ni ngumu zaidi. Kama gari lako ni la pili kati ya makundi hayo, usitupe mota ya zamani hata ikiwa imeungua: gamba, gia na mkono wake vitahitajika siku moja.

Kuzifunga zikiwa juu

Wapenzi wa magari ya zamani wanaiona njia hii kama fedheha. Siwaungi mkono. Anayetoka Lubumbashi kwenda Likasi usiku, kilomita karibu 120 pamoja na malori ya shaba ambayo mengine hayana hata taa ya nyuma, anahitaji fare zisizokuwa na maoni yao. Fare iliyofungwa juu haiwezi kukataa kupanda.

Tena ni kazi ya nusu saa. Toa fizibo ya mota, inua fare kwa kile kitufe cha mkono hadi juu kabisa, kisha chomoa plagi ya mota, usichomoe ya balbu. Gia ya msokoto hairudi nyuma kwa kusukumwa, kwa hiyo fare itabaki palepale. Funika plagi iliyochomolewa kwa plastiki, mdomo wake ukitazama chini. Kwa barabara zetu ongeza kipande cha chuma bapa kutoka kwenye kikapu hadi kwenye fremu, kifungwe kwa bolti, ili mitikisiko isilegeze mkono.

Usiruhusu kichomelewe. Tolie atakuambia nukta mbili za kuchomea ni haraka na imara, na kweli ni imara: mwenye gari wa baadaye atalazimika kukata kwa mashine kitu ambacho bolti mbili zingetosha.

Hasara ni za kweli lakini ni ndogo. Upepo unavuma zaidi mwendo ukiwa mkubwa, gari linakula mafuta kidogo zaidi njia ndefu, vumbi jekundu linaingia nyuma ya fare, na sura ya gari inapotea. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma, kwa sababu sura ndiyo iliyokufanya ulinunue. Lakini ukitumia bolti, siku mota ikipona unarudi ulikokuwa bila alama hata moja.

Kubadilisha iwe ya mkono kabisa? Opel GT ya 1968 hadi 1973 ilitoka kiwandani hivyo: dereva anasukuma wenzo mkubwa ndani ya gari na fare zote mbili zinageuka. Lakini wenzo ule ulichorwa pamoja na gari. Ukibuni wa kwako kwenye Celica, utaishia na kebo ya breki ya baiskeli na fare inayotetemeka. Kitufe cha chini ya boneti tayari kinafanya kazi hiyo, ila ni lazima ushuke, na mvua ikiwa inanyesha utashuka mara moja tu kabla ya kuamua kuzifunga juu.

Za Kimarekani, za uvutano

Corvette za 1968 hadi 1982, Mercury Cougar ya 1967 na Dodge Charger ya 1968 huinua fare au vifuniko vyake kwa uvutano wa injini. Hewa inavutwa kupitia mipira hadi kwenye vikombe vyenye utando wa mpira, na kuna tangi dogo la akiba pamoja na vali ya njia moja inayoizuia akiba isikimbie.

Urefu wa mji wetu unahesabika hapa. Tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kule pwani hewa ina mkandamizo wa kilopaskali 101 hivi; kwetu ni kama 88. Injini haiwezi kuvuta zaidi ya kile kilichopo, kwa hiyo mfumo ambao Mombasa au Durban ungesamehe uvujaji mdogo, hapa unagoma. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima uvutano unashuka tena, na kama ile vali imekufa, hakuna akiba.

Kuna vifaa vya kubadilisha Corvette hizo ziwe za umeme, na vinafanya kazi. Hata hivyo, badilisha mipira kwanza. Mpira ni bei nafuu na unapatikana popote, na hata ukihamia umeme, mpira unaovuja ukiachwa utaendelea kuingiza hewa kwenye injini na kuifanya itetemeke ikiwa imesimama. Bana mpira mmojammoja kwa koleo lenye kitambaa, usikilize injini inabadilika lini. Hapo ndipo panapovuja. Tangi la chuma nalo likague, kutu hulitoboa kwa chini.

Ningechagua hivi

Gari la Jumapili, la kwenda harusini na kurudi: fufua mota zote mbili, usinunue chochote kabla mfuniko haujafunguliwa mbele yako. Gari la kila siku ambalo usiku linatoka nje ya mji: zifunge juu leo, kwa bolti, na mota ziende kwa bobineri kwa utaratibu wake bila kumharakisha. Gari lililogongwa pua: nunua kitengo kizima na usikubali mota peke yake. Gari unalotaka kuliuza: hapo usihesabu gharama ya mota, hesabu kwamba kila mnunuzi atakuambia kitu cha kwanza uwashe fare. Aliyekwisha kuona moja inagoma hataamini neno lako lingine kuhusu injini.

Njia yoyote utakayochukua, fare zikiwa mezani zigeuze uangalie kioo. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani hupandisha mwanga upande wa kushoto, ili dereva aone ukingo wa barabara anakoendesha kushoto. Zambia hilo ni sawa. Ukivuka Kasumbalesa unahamia kulia, na mwanga uleule sasa unampiga machoni anayekuja mbele yako. MX-5 ya kwanza hutumia fare ya duara ya milimita 178, saizi ileile ya Land Cruiser nyingi za zamani, kwa hiyo kioo cha kuendeshea upande wa kulia wa barabara chenye balbu ya H4 ya wati 60/55 hakikupi shida kukipata. Kwa Celica na Prelude, uliza muuzaji kioo ni cha upande gani kabla ya kulipa.

Ukishawishika na fare za LED, pima kina chake kwa nyuma. Nyingi zina mapezi marefu ya kupoza joto. Fare ikishuka mapezi hayo yanagonga ukuta wa shimo, mota inaendelea kusukuma, na unarudi garaji kuambiwa imekufa.